Mjadala: Je, mwarobaini uondolewe katika misitu ya kaya?

Mleta mada

Naleta swali ambalo najua litawakera baadhi yenu, kwa kuwa linaugusa mti ambao wengi wetu tumelelewa chini ya kivuli chake na kunyweshwa maji yake machungu kila tulipopatwa na homa. Mwarobaini si mti wa asili yetu. Kwao ni Bara Hindi na Myanmar, na ulifika pwani hii pamoja na watu waliotoka huko. Sisi tukaupa jina la kutibu maradhi arobaini, na wengine wakauita mkilifi, kana kwamba ulizaliwa Kilifi. Uani kwangu upo mmoja, na sina nia ya kuukata. Ninaouliza habari zake ni ule unaojiotea ndani ya misitu ya kaya.

Kwa walio mbali na Pwani ya Kenya, kaya ni vijiji vya kale vya Wamijikenda vilivyojengwa kuanzia karne ya 16 katikati ya misitu kwa ajili ya kujihami, vikahamwa kufikia miaka ya 1940, na leo vinaheshimiwa kuwa makao ya wahenga. Mwaka 2008 UNESCO iliiingiza misitu 10 ya kaya katika Urithi wa Dunia. Misitu yenyewe ni midogo. Kaya Kinondo, iliyo juu ya mwamba wa matumbawe karibu na ufuo wa Diani, ina hekta 30 hivi, na msitu wa ukubwa huo hauna kitovu kilicho mbali na ukingo: popote usimamapo, mashamba, hoteli na maboma yako karibu, na ni nadra kukosa mwarobaini katika maboma hayo.

Ndege, popo na nyani hulipenda tunda lake la manjano, hulila na kuidondosha kokwa msituni. Mche huvumilia kivuli katika miaka yake ya mwanzo, ukisubiri. Siku mti mkongwe unapoanguka na mwanga kuingia, mwarobaini hupanda upesi, ilhali miti mingi ya asili ya kaya hukua polepole mno, na hivyo pengo lililopaswa kurithiwa na mwenyeji huchukuliwa na mgeni. Ubaya wake ni kwamba mpita njia haoni hasara yoyote, kwa sababu msitu unabaki kuwa wa kijani kama jana. Rai yangu ni kwamba uondolewe ndani ya kaya na kwenye kingo zake, na uachwe majumbani.

Mchangiaji wa Mombasa

Ndugu mleta mada, nakuheshimu, lakini naona umemkamata mwizi wa kuku wakati mwizi wa ng'ombe anapita mlangoni. Kaya zimemegwa kwa viwanja, kwa kuni, kwa mchanga na mawe ya kujengea. Mwarobaini haujawahi kughushi hati ya shamba.

Kuna jambo jingine. Wachongaji wa vinyago wa Mombasa na Malindi walihimizwa kwa miaka mingi waache mpingo na muhuhu, ambayo ni miti ya asili inayokwisha, wachonge mwarobaini unaokua haraka. Kwa hiyo mti huu unaouita mvamizi ndio uliobeba mzigo ambao vinginevyo ungebebwa na misitu yetu. Nachelea kwamba tukianza kutangaza kuwa mwarobaini ni gugu, habari haitafika kwa watu ikiwa na masharti yako yote ya ndani, kingoni na majumbani. Itafika kama neno moja tu: kateni. Tumeyaona hayo kwa mathenge, mti ulioletwa na wataalamu kwa sifa nyingi ili uzuie jangwa, kisha baada ya miaka wataalamu wale wale wakarudi kutuambia kwamba ni balaa. Mwananchi wa kawaida afuate kauli ipi?

Mchangiaji wa Kwale

Mimi ni Mdigo, mmoja wa Wamijikenda, na naomba niseme lile ambalo nyote wawili mmeliruka. Katika kaya mti haukatwi. Mgeni akiingia Kinondo hufungwa kaniki, na akitoka hatoki na chochote, hata kijiti kikavu alichokiokota njiani. Sheria hiyo ndiyo iliyoutunza msitu kabla ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya kuanza kuzihifadhi kaya kisheria mnamo 1992, na sheria hiyo hiyo, kwa bahati mbaya, sasa inamlinda mwarobaini. Mti wa kigeni umekimbilia mahali patakatifu na kupata hifadhi.

Nilipomuuliza babu yangu, alinijibu kwamba kilichoota kaya ni cha kaya. Nduguye, aliyekuwa ameketi naye, akampinga kwa kusema kwamba wahenga hawakuujua mti huo walipoweka miiko, basi mwiko haukuuhusu. Walibishana mpaka magharibi, na sikupata fatuwa.

Binafsi hofu yangu ni panga. Ukishamruhusu kijana kuingia na panga kukata mwarobaini, kesho utamzuiaje asikate mtandarusi, mti wetu wa asili? Atasema alikosea, na nani atakuwa shahidi? Afadhali kukaa na mgeni asiyetakiwa kuliko kuuvunja mwiko ambao ndio ukuta pekee tulio nao. Hata hivyo, kung'oa mche mchanga kwa mkono si kukata mti. Jambo hilo wazee wanaweza kulizungumza.

Mchangiaji aliyesomea misitu

Naongeza machache tu. Mbegu ya mwarobaini haikai ardhini ikisubiri kwa miaka. Huharibika ndani ya wiki chache tangu kudondoka. Kwa hiyo anayeng'oa miche baada ya mvua hapigani na akiba iliyofichika, bali na mbegu za msimu ule tu. Kukata mti mkubwa pasipo kurudi ni kazi bure, kwani kisiki huchipuka kwa nguvu na machipukizi yataka kuondolewa mara kwa mara. Wala swali hili si la Pwani yetu pekee: Eneo la Kaskazini la Australia limeuweka mwarobaini katika orodha ya magugu kwa mujibu wa sheria, ingawa huko nako ulipandwa kwa ajili ya kivuli.

Mleta mada

Nimeguswa zaidi na hoja ya panga, na nairekebisha rai yangu. Ndani ya kaya ing'olewe miche pekee, kwa mkono, kwa idhini ya wazee na mbele yao, na miti mikubwa iliyokwisha kuota humo iachwe hadi wazee wenyewe watakapoamua. Ile iliyo kingoni, nje ya mipaka ya mwiko, ndiyo wapewe wachongaji, na hapo ndugu wa Mombasa atakuwa amepata gogo lake bila muhuhu kuguswa. Kuhusu mwizi wa ng'ombe sina ubishi naye. Lakini ua wa kaya ukilindwa barabara huku ndani miti ikibadilika mmoja mmoja, watakaotufuata watarithi mpaka uliohifadhiwa vizuri wa msitu mwingine kabisa.

Mchangiaji wa Kwale

Hilo naweza kulifikisha kwa wazee. Ila, bwana, huo mwarobaini wa uani kwako uko umbali gani kutoka kaya?

Mleta mada

Umenibana. Ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na popo hatembei kwa miguu. Ulipandwa na marehemu mama. Nipeni muda.