Wauza biskuti za bangi hosteli za vyuo mtatuulia watoto, na nyie wa "ni mmea tu" mnawabeba

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina hasira.

Kuna biashara imeshamiri hapa Dar, hasa kuzunguka hosteli za vyuo. Keki, biskuti, pipi, hadi asali, zote zimewekwa bangi. Zinatangazwa status, unalipa kwa simu, bodaboda anakuletea mlangoni. Hazina moshi wala lebo. Muuzaji anaandika "za kutuliza stress", anaweka kajani ka kijani, basi.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, mwaka wa kwanza, alipewa kwenye birthday ya mwenzake. Akala moja. Nusu saa imepita hasikii kitu, akaambiwa "ongeza, hiyo bado haijakolea". Akaongeza. Usiku wa manane anatetemeka, moyo unamwenda mbio, analia kwamba kuna watu dirishani wamekuja kumuua. Wenzake walimfungia chumbani wakawa wanamwombea, maana waliogopa kwamba wakienda hospitali watapelekwa polisi. Dada alipigiwa alfajiri, akaambiwa mtoto kapandisha mapepo.

Mapepo gani hayo yanayookwa kwenye oveni na kuuzwa elfu tano?

Daktari wa zamu, kijana tu, ndiye aliyeuliza swali la maana: amekula nini? Wote kimya. Kipimo cha mkojo ndicho kilichosema.

Sasa nisikilizeni, maana humu kuna wajuaji wengi. Bangi ya kuvuta inapanda kichwani ndani ya dakika chache, mtu anajisikia na anaweza kuacha. Ya kula lazima ipite tumboni kisha kwenye ini, na ini linaibadilisha THC, ile kemikali inayolewesha, kuwa kitu chenye nguvu zaidi. Inaweza kuchukua nusu saa mpaka saa mbili ndipo uisikie, halafu ikikushika inakaa masaa. Kwa hiyo yule anayemwambia mtoto "ongeza" baada ya nusu saa ndiye anayemzidishia dozi. Na muuzaji anajua, kwa sababu wateja wake wanamrudia na malalamiko hayo hayo!

Kibaya zaidi hata yeye hajui kaweka kiasi gani. Unga umekorogwa kwenye beseni, kipande kimoja kina kidogo, cha pili kimebeba mzigo wote. Na bangi yenyewe siyo moja. Kuna "cha Arusha" cha kawaida, halafu kuna skanka, ambayo THC yake iko juu zaidi. Nani anakuambia kwenye keki yako kuna ipi? Hakuna.

Najua mnachotaka kujibu. "Mbona ni dawa?" Ndiyo, kuna dawa. Marekani mwaka 2018 waliidhinisha Epidiolex, dawa ya maji iliyotengenezwa kwa CBD iliyosafishwa, kemikali nyingine ya bangi, kwa watoto wenye aina adimu za kifafa. CBD haileweshi kama THC. Ile inaandikwa na daktari, kwa mililita, kwa uzito wa mgonjwa. Wewe unauza chupa ya mafuta isiyo na hata jina la aliyetengeneza, unasema inatibu kansa, kisukari na nguvu za kiume. Toka hapa.

"Mbona nchi za wenzetu ni halali?" Hapa ndipo mnaponichefua kabisa. Kanada waliruhusu bangi Oktoba 2018, za kula zikafuata 2019, na pakiti nzima hairuhusiwi kuzidi miligramu 10 za THC, tena kwenye kifungashio ambacho mtoto hawezi kukifungua kirahisi. Ujerumani wameruhusu 2024, lakini klabu zao, zile zinazolima bangi na kuwagawia wanachama, hazigawi keki. Afrika Kusini, Ramaphosa alisaini sheria Mei 2024: mtu mzima apande na atumie faragha, kuuza bado ni kosa. Yaani hata huko mnakokusifia, huyu wa hosteli angekuwa mhalifu tu. Na ile kura ya Umoja wa Mataifa ya Desemba 2020 mnayoipost kila wiki iliitoa bangi kwenye orodha ya dawa hatari kupita zote, lakini ikabaki kwenye orodha zinazodhibitiwa. Someni mpaka mwisho basi.

Kwetu hapa sheria ni ya 2015, na ni kali. Kusafirisha bangi ni miaka 30, kiasi kikubwa ni maisha. Na "kusafirisha" kwenye ile sheria siyo kuwa na lori la magunia kutoka Tarime. Kununua, kuuza, kumpa mtu, kuhifadhi, vyote vimo. Binti anayewashikia wenzake kopo la biskuti chumbani hajui amekalia nini. Muuzaji hamwambii, maana kesi ikija haitakuwa yake. Kuificha ndani ya unga hakusaidii kitu, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imeshakamata watu na biskuti za aina hiyo.

Na nyie wa semina mashuleni, msidhani nimewasahau. Bango lenu mpaka leo lina picha ya msokoto na kichaa wa jalalani. Watoto wanacheka, kwa sababu wana mjomba anayevuta na kesho yake yuko kazini. Mngewaambia ukweli wangesikia: kwamba ubongo unaendelea kukua mpaka miaka ya ishirini na kitu, kwamba anayeanza mapema na kutumia kila siku, hasa zile kali, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuchanganyikiwa akili na kushindwa kuacha. Na kwamba mwenzako akizidiwa unampeleka hospitali na kusema kala nini, hata kama unaogopa. Hilo la mwisho lingemwokolea mpwa wangu usiku mzima.

Mtoto yuko nyumbani, analala taa ikiwaka. Chuoni kasema atarudi muhula ujao.

Na wewe muuzaji, najua unasoma humu. Namba yako ya malipo ninayo, pamoja na jina lililosajiliwa. Namba ya Mamlaka ni 119, na kupiga ni bure.