Mnunuzi anataka "profaili ya kemikali" ya tangawizi, tunaanzia wapi?

Mpare_wa_Juu
Habari wadau. Tuko kikundi huku Mamba Miamba, Same, tunakausha tangawizi na kusaga. Kuna mnunuzi wa nje kaipenda sampo ila sasa hataki kusikia habari za "tangawizi yetu kali sana", anataka cheti cha maabara kinachoonyesha jinjeroli na shogaoli (kemikali zinazoleta ukali) na mafuta. Sisi tumezoea unavunja kipande unatafuna, ukikohoa basi hiyo gredi ya kwanza 😂 Naulizia hivyo vitu vinapimwaje na kipi cha lazima, maana sitaki nifike maabara nilipie kila kitu kwenye orodha yao.

mkemia_zamu_ya_usiku
Kutafuna sio ujinga mkuu, ulimi wako unapima hizo hizo jinjeroli, shida yake hautoi namba na haujui ukali umetoka wapi. Iko hivi, tangawizi mbichi ukali wake mwingi ni 6-jinjeroli, halafu ndugu zake 8-jinjeroli na 10-jinjeroli kwa kiasi kidogo. Shogaoli kwenye mbichi ni kama hamna, inatokea pale jinjeroli inapopoteza maji kwa joto au kwa kukaa sana stoo, na yenyewe ni kali kuliko mama yake: kwa Scoville, kile kipimo cha ukali, 6-jinjeroli iko kama 60,000, 6-shogaoli kama 160,000. Sasa ona hapo, unga uliopigwa moto mkali kwenye draya (mashine ya kukaushia) unaweza kukukohoza kuliko ule uliokaushwa taratibu, na wewe ukaupa gredi ya kwanza.

Hizo zinapimwa na HPLC, mashine ya maabara ya kutenganisha kemikali zilizoyeyushwa. Unga unalowekwa kwenye methanoli, unachujwa, mashine inatenganisha kimoja kimoja na kukisoma kwa mwanga wa UV, nanomita 280. Mafuta ya harufu ni habari nyingine, yale yanaruka, kwa hiyo ni GC-MS, mashine nyingine ya vitu vinavyoruka, ndo utaona zinjibereni, sitrali na wenzake. Zinjibereni ikikaa inageuka kidogo kidogo kuwa kurkumeni (sio ile kurkumini ya manjano, msichanganye), so mtu anayejua kusoma ile karatasi anaona mzigo umelala hata kama gunia ni jipya.

Namba moja ya jinjeroli peke yake haimwambii mtu kitu, anaangalia uwiano wake na shogaoli. Na muulize mnunuzi kwanza anaenda kutengenezea nini, wa chai na biskuti anataka harufu, ila wa vidonge vya virutubisho wengine shogaoli nyingi ndo wanaitafuta kabisa, kwa hiyo "kiwango kizuri" hakipo kimoja.

dada_viungo
Naongezea upande wa soko. Kabla ya mambo ya HPLC pima unyevu na mafuta, hivyo ni bei nafuu na ndo vinaanza kuangaliwa. ISO 1003, kiwango cha kimataifa cha tangawizi, inasema unyevu usizidi asilimia 12, na mafuta kwa vipande vikavu yasipungue ml 1.5 kwa gramu 100. Kama mzigo unaenda Ulaya kupima sumukuvu ni lazima, aflatoksini B1 mwisho maikrogramu 5 kwa kilo, aflatoksini zote kwa jumla 10, hapo hata jinjeroli zako ziwe tamu vipi mzigo unarudi.

Na usimshangae huyo mnunuzi kudai profaili nzima. Kuna watu wanachanganya unga na machicha, yani tangawizi iliyokwisha kamuliwa oleorezini (ule utomvu mzito wenye harufu na ukali) viwandani, rangi ipo, nyuzi zipo, kwa macho huoni kitu. Kwenye HPLC inaumbuka.

babu_shamba
Nyie wa mashine mnaanzia mwisho. Mafuta yako chini ya ganda pale pale, vijana wakikwangua kama wanamenya viazi wanayatupa na maganda. Kwangueni juu juu tu. Na mkichimba kwa tamaa ya bei haijakomaa inabaki maji matupu, ya kukausha iachwe miezi 8 au 9. Joto la draya msivuke nyuzi 60, vichanja viinuke juu ya ardhi, hayo ya chini kwenye turubai ndo yanaleta kuvu.

Mpare_wa_Juu
Shukrani sana, babu shikamoo. Moja la mwisho, sampo natoa gunia gani? Wanachama kila mmoja anakausha kwake.

mkemia_zamu_ya_usiku
Usitoe gunia moja, hasa lile zuri 😅 Chota kidogo kidogo juu, kati na chini kwenye magunia mengi, changanya pamoja, gawa mafungu mawili, moja maabara moja ubaki nalo limefungwa vizuri mbali na jua na joto, siku mkibishana ndo litapimwa. Tena kama kila mtu anakausha kivyake mimi ningepima unyevu kwa kila mwanachama kwanza kabla hamjachanganya. Na ukipiga simu maabara (TBS, shirika la viwango, au jaribu SUA, chuo cha kilimo pale Morogoro) waulize kama wana stadadi (sampuli safi za kulinganishia) za 6, 8, 10-jinjeroli na 6-shogaoli, maana bila stadadi mashine inachora vilima tu, hakuna wa kukwambia kila kilima ni kiasi gani.

babu_shamba
Marahaba mwanangu. Huyo wa simu muulize na bei kabisa.