Gemu za maswali kwenye kozi za onlaini: mnapima akili zetu au kasi ya mtandao?

Wakuu salaam, nimevumilia semesta nzima ila leo yamenifika shingoni.

Nasoma diploma ya uhasibu kwa onlaini, mchana niko kazini, na huku wilayani nilipo ukitaka mtandao wa maana unatoka nje unasimama chini ya mwembe. Mwanzoni tuliambiwa darasa limepooza, watu wanaingia Zoom wanazima kamera wanalala, kwahiyo kila Alhamisi usiku tutacheza gemu ya maswali. Nilifurahi kabisa! Wiki ya kwanza watu ambao hatujawahi kusikia sauti zao walianza kubishana, na swali la uchakavu wa mali nililolikosa siku ile sijalisahau mpaka leo. Kwahiyo asije mtu hapa kuniambia napinga teknolojia.

Shida imeanza maksi za gemu zilipoingizwa kwenye koswaki, yani maksi za semesta zinazohesabiwa kwenye matokeo.

Gemu kama Kahoot inahesabu hivi: swali la pointi 1000, ukipatia papo hapo unachukua karibia zote, ukipatia sekunde ya mwisho unabaki na kama 500. Yani jibu ni lilelile, sahihi lilelile, lakini nusu imeenda! Alafu mimi simu yangu ni moja. Swali liko kwenye skrini ya mwalimu Zoom, vitufe vya kujibu, ambavyo ni maumbo yenye rangi tu, viko kwenye brauza, nisome swali, nitoke Zoom, nifungue brauza, nikumbuke jibu langu lilikuwa pembetatu nyekundu au duara la njano, hapo mtandao unazunguka tu na saa inakimbia. Mwenye laptop na waifai anaona vyote kwa pamoja. Alhamisi iliyopita nimepatia maswali 9 kati ya 10 nikawa wa 31, na kuna mwenzangu amepatia 7 yuko juu yangu. Saba jamani! Nikamfata mwalimu inboksi kwa heshima zote, jibu lake ni "ongeza bando".

Na majina ya mkiani yanatupwa kwenye grupu la WhatsApp kila wiki. Kuna mama mmoja mtu mzima, ana biashara yake, anajua vitabu vya hesabu kuliko wengi wetu, ameacha kuingia Alhamisi. Kanambia mwanangu mi siwezi kuaibishwa na simu.

Bao lina kete 64 na mashimo 32, wazee wanalicheza pale kijiweni mchana kutwa, mtu anawaza mpaka chai inapoa na hakuna anayemkata pointi kwa kuwaza. Uhasibu ndo hivyohivyo, hesabu za kampuni ukizifunga kwa mbio unaharibu.

Silaumu programu. Zilibuniwa watu wakiwa chumba kimoja wanaangalia skrini moja. Na hata hiyo Kahoot unaweza kuwatumia wanafunzi kama kazi, kila mtu afanye kwa nafasi yake ndani ya siku mlizopanga, saa unaizima, unahesabu aliyepatia. Ni kubonyeza tu! Mbio za laivu ziacheni ziwe za kuchangamsha darasa, zisiguse koswaki.

Kuna mtu hapa ameshaandikia idara yake barua kuhusu hili akasikilizwa? Naomba anielekeze aliandikaje, maana keshokutwa ni Alhamisi.