Kifurushi kinakwisha ndani ya saa chache ninapogawa intaneti ya simu kwa kompyuta

Mwalimu wa Zamu
Habari za majukumu, ndugu zangu. Nyumbani sina intaneti nyingine zaidi ya ile ya simu yangu ya Android. Juzi jioni nilinunua kifurushi cha GB 10, nikawasha hotspoti ili niingize alama za wanafunzi kwa kompyuta mpakato, na kabla sijafika Kidato cha Tatu nikaletewa ujumbe kwamba nimebakiwa na MB 900, ilhali kazi yenyewe ni ya kujaza tarakimu tu. Nilimshuku jirani, nikabadilisha nenosiri, lakini jana yakawa yale yale. Isitoshe, kompyuta ya zamani ya mke wangu haiioni kabisa hotspoti hiyo, ingawa simu ya mtoto inaiona.

Fundi Mstaafu
Pole, Mwalimu. Jirani msamehe. Windows ikishaunganishwa na Wi-Fi huichukulia kuwa haina kikomo, kwa hiyo hupakua masasisho na kupandisha picha na mafaili yako OneDrive, yaani hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, bila wewe kufungua chochote. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, uchague jina la hotspoti yako, kisha uwashe swichi iliyoandikwa "Metered connection", yaani mtandao wenye data ya kupimwa. Tangu hapo masasisho mengi yatasubiri na OneDrive itasimama. Jihadhari na jambo moja: mpangilio huo hufuata jina la mtandao, hivyo siku ukiibatiza hotspoti jina jipya, utalazimika kuuwasha tena.

Binti Saidi
Naongezea kuhusu kompyuta ya shemeji. Inaelekea simu yako inarusha mawimbi ya gigahezi 5, ambayo kompyuta nyingi za zamani hazina uwezo wa kuyapokea. Katika mipangilio ya hotspoti tafuta sehemu ya bendi, uchague gigahezi 2.4, kasi itapungua kidogo, ila mawimbi hayo hupenya kuta vizuri zaidi. Unapofanya kazi peke yako, mimi ningependelea waya wa USB, kwa sababu simu hupata chaji wakati huo huo na hakuna mtu mwingine anayeweza kujiunga. Bluetooth nayo inawezekana, lakini ni ya barua pepe tu, kwa video utachoka kusubiri.

Mwalimu wa Zamu
Nawashukuru nyote wawili. Baada ya kuiwasha swichi ile, jana nimemaliza vidato vyote kwa chini ya MB 200, na kompyuta ya mama watoto imeiona hotspoti mara tu nilipobadilisha bendi. Waya ndio umenikatalia: simu inachaji, lakini kompyuta haipati intaneti.

Fundi Mstaafu
Kwanza hakikisha umewasha swichi ya kugawa intaneti kwa USB kwenye simu, maana haiwaki yenyewe. Ikiwa swichi imefifia na haikubali kuwaka hata waya ukiwa umechomekwa, basi huenda huo ni waya wa kuchajia pekee, hauna nyuzi za kupitisha data. Jaribu ule uliokuja na simu.