Naombeni ushauri: majadiliano kwenye hisabati darasa la tatu yananishinda

ChakiMkononi:

Wakuu, habari za majukumu. Nafundisha hisabati darasa la tatu na nimeamua kuachana na mtindo wa mimi kuonyesha njia ubaoni huku watoto wananakili. Nataka wazungumze: mtoto aeleze alivyofikiri, wenzake wamhoji, wakubaliane naye au wampinge. Shida ni kwamba nikiuliza swali, mikono inayonyooshwa ni ileile kila siku. Mmoja akitaja jibu sahihi, mjadala unakufa hapohapo, wote wanaliandika na kusubiri swali linalofuata. Akikosea wanamcheka, na huyo humsikii tena wiki nzima. Kipindi kinaisha zoezi halijaguswa.

Walimu mliofanikiwa kwenye hili, mnaanzaje? Na wale wakimya mnawafikiaje?

Kokotoa:

Mwalimu, usikimbilie kuuliza nani ana jibu. Mimi naandika 52 − 38 ubaoni, natoa muda kila mtu afanye kimyakimya, kisha nakusanya majibu yote na kuyaorodhesha bila kutikisa kichwa wala kutabasamu. Watoto wanasoma uso wa mwalimu haraka sana. Mara nyingi utapata 14 na utapata 26. Hapo ndipo swali lenyewe linapoanza: tuna majibu mawili, yote hayawezi kuwa sahihi, nani atatuthibitishia lake?

Hiyo 26 ina mantiki yake. Mtoto kaona 8 haitoki kwenye 2, kageuza, katoa 2 kwenye 8 kapata 6, kisha 3 kwenye 5 kapata 2. Mwache aeleze mwenyewe. Mwingine atasema, "Mimi nimetoka 38, nikaongeza 2 nikafika 40, nikaongeza 12 nikafika 52." Wa tatu atakuambia ameongeza 2 kwenye kila namba, ikawa 54 − 40. Sasa waulize: kwa nini kuongeza 2 kila upande hakubadilishi jibu? Darasani kwangu binti mmoja alichora mstari wa namba, akaweka kidole kimoja kwenye 38 na kingine kwenye 52, akavisogeza vyote hatua mbili kulia bila kuvitanua. Wenzake wakaona nafasi kati ya vidole ni ileile. Aliyekuwa na 26 hakuambiwa na mtu kwamba amekosa. Alijumlisha 38 na 26, akapata 64, akaomba kubadilisha jibu lake.

MzeeWaMagazijuto:

Mambo mazuri, lakini tuwe wakweli. Mtihani hauulizi mtoto alijadili nini. Na asiyejua jedwali la kuzidisha kwa kichwa atajadili kitu gani? Mimi bado naamini mazoezi ya kila siku, tena mengi.

Kokotoa:

Mzee wangu, mazoezi hayafutwi. Swali moja la mjadala mwanzoni mwa kipindi, dakika kumi na tano hivi, halafu madaftari yanafunguliwa. Mtoto aliyesahau 6 × 7 lakini amewahi kueleza mbele ya wenzake kwamba ni 5 × 7 ukiongeza 7 nyingine, huyo hakwami kwenye mtihani. Aliyekariri tu akisahau, amesahau.

BintiHesabu:

Niguse hao wakimya. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alichunguza jambo hili miaka ya 1970 na kukuta walimu, wakishauliza swali, husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kudakia. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa hawasemi wakaanza kuchangia. Tena kuna kusubiri kwa aina mbili: baada ya swali lako, na baada ya mtoto kunyamaza. Hiyo ya pili ndiyo ngumu, maana ulimi unawasha kusema "vizuri!", na ukishasema hivyo umefunga mlango.

Kabla ya darasa zima, wape dakika mbili waongee wawiliwawili. Mtoto mwoga akishajaribu maneno yake kwa jirani, kusimama kunakuwa rahisi. Wewe wakati huo unapita kwenye madawati unachungulia madaftari na kuamua nani ataanza. Usiache mikono iamue. Mimi naanza na aliyechora au kuhesabu kwa vijiti, kwa sababu kila mtu anamwelewa, kisha napanda kwenye njia fupi. Na mara kwa mara namtaja mmoja arudie alichosema mwenzake kwa maneno yake mwenyewe. Wakijua swali hilo linaweza kumwangukia yeyote, wanasikilizana.

Kuhusu kucheka, simamia hapo kwa ukali. Anayepinga ataje jibu, asimtaje mtu, na atoe sababu.

ChakiMkononi:

Asanteni sana, nimeandika yote. Swali moja: kengele ikilia nusu ya darasa bado wanaamini jibu lisilo sahihi, niwaambie ukweli au niwaache nalo?

FikraTano:

Inategemea ni kitu gani. Majina, alama na fasili ni makubaliano ya watu, mtoto hawezi kuyavumbua kwa kufikiri. Hayo waambie moja kwa moja. Kinachoweza kuthibitishwa, waachie hadi kesho, ila kesho urudi nacho kweli.

Kuna somo la Marekani la mwaka 1990 linalotajwa sana na walimu wa walimu. Mwalimu ni Deborah Ball, darasa la tatu. Mtoto anayejulikana kama Sean alidai 6 ni shufwa na pia ni witiri, kwa kuwa ina mafungu matatu ya 2, na 3 ni witiri. Mwalimu hakumzima. Mwenzake aitwaye Mei akamjibu kuwa kwa hoja hiyo hata 10 itakuwa hivyo, maana ina mafungu matano. Kuamua kama 6 ni witiri kulihitaji warudi kwenye fasili. Lakini wazo lenyewe lilikuwa na kitu: 2, 6, 10, 14 kweli ni jamii ya namba, zinaachana kwa 4, na darasa likazipa jina la Sean.

ChakiMkononi:

Nimeelewa. Kipindi kijacho naanza na 8 + 4 = □ + 5.

BintiHesabu:

Chaguo zuri sana. Jiandae kupata 12 na 17. Wa 12 anaiona alama ya sawa kama amri ya kuandika jibu, wa 17 kajumlisha kila kilichopo. Wakikwama, andika 7 = 3 + 4 pembeni na uwaulize kama ni kweli. Wapo watakaosema imegeuzwa, na hapo utajua tatizo liko wapi. Usiitaje 7 ya kwenye kisanduku mapema, na usifute 17 ubaoni kabla mwenyewe hajaeleza alikoitoa.