Eti Salve Regina ilitungwa na mmonaki aliyekuwa hawezi kutembea?

Sauti_ya_Pili (Tabata)
Tumsifu Yesu Kristo, wanakwaya. Tunaandaa jioni ya nyimbo za Bikira Maria na katibu anataka kila wimbo uwe na jina la mtunzi. Kwenye Salve Regina wengine wanasema tuandike "Herman", mmonaki mlemavu. Wengine wanasema hiyo ni hadithi tu. Mwenye uhakika anisaidie, karatasi zinakwenda kuchapwa.

Mwalimu Mstaafu (Kurasini)
Milele amina, binti yangu. Mtu mwenyewe si hadithi. Alizaliwa 1013, akapelekwa akiwa na miaka 7 kusoma, akawa Mbenediktini wa Reichenau, kisiwani katika Ziwa Konstanz, hadi kufa kwake 1054. Mwanafunzi wake Berthold aliandika kwamba hakuweza hata kujigeuza bila kusaidiwa. Alibebwa na kuketishwa kitini, na maneno yake yalieleweka kwa shida. Bado watu walimfuata awafundishe hesabu, nyota na muziki!

Salve Regina anapewa na mapokeo tu, na wataalamu wengi wanasita. Andikeni "inasadikiwa". Iliyo yake kwa uhakika zaidi ni masifu ya Mtakatifu Afra, shahidi wa Augsburg. Jimbo hilohilo la Augsburg, Ujerumani, ndiko iliko monasteri ya St. Ottilien, walikotoka Wabenediktini waliofika Pugu 1888.

Mimi ananivutia kwa nota zake. Juu ya maneno aliweka herufi: s ni nusu hatua, t hatua nzima, d ni kuruka hadi sauti ya nne. Ukiona nukta, unashuka. Herufi haitaji nota kama solfa yetu ya do, re, mi, inataja umbali kutoka ile uliyotoka kuimba. Kwa hiyo s yake si "so", msije mkachanganya.

Besi_Mbagala
Shikamoo Mwalimu. Sasa ukikosea herufi moja?

Mwalimu Mstaafu (Kurasini)
Marahaba. Kuanzia hapo wimbo wote unahama, na hakuna cha kukurudisha. Nyinyi mabesi mngetumaliza. Ndiyo maana iliyoenea ni mistari ya kuandikia nota ya Guido wa Arezzo, Mbenediktini mwenzake wa zama hizohizo: ukiteleza, unatazama mstari unajirekebisha.

Sauti_ya_Pili (Tabata)
Asante sana Mwalimu. Katibu kakubali "inasadikiwa". Anauliza, mbele ya jina aweke Mtakatifu au Mwenyeheri?

Mwalimu Mstaafu (Kurasini)
Mwenyeheri. Roma ilithibitisha heshima yake 1863.