Wakuu, nisubiri prosesa mpya za Intel na AMD au ninunue sasa?

Kamera_Nyegezi (mtoa mada):
Wakuu salaam. Niko Mwanza, kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi na kipaimara. Mashine yangu ni ya mezani, prosesa ya Core i7-4790 ya mwaka 2014, RAM 16GB na kadi ya picha (GPU) ya GTX 1060. Enzi za Full HD ilinibeba vizuri sana. Tangu nihamie kamera ya 4K, nikipanga klipu mbili pamoja kwenye Premiere, programu ninayohaririia, picha inaganda huku sauti inaendelea. Mwezi uliopita bibi harusi kanipigia mara tano kuulizia video yake.

Nimetenga milioni mbili na laki nane kwa ajili ya prosesa, mazabodi na RAM. Keisi, pawa saplai na SSD ninazo.

Sasa kila nikiingia YouTube naambiwa subiri. Intel wamesema prosesa zao mpya, Nova Lake, zinakuja mwishoni mwa 2026, na tetesi zinadai zitafika viini (cores) 52. AMD nao wana kizazi chao kipya, Zen 6, cha nanomita 2 kutoka kiwanda cha TSMC. Bei zitakaaje zikitoka? Za sasa zitashuka nizidake hapo? Naombeni uzoefu, ushabiki wa timu tuache kwenye mpira.

Chuma_Chakavu:
Subiri tu mkuu. Maharusi wako watakuwa wanabatiza mtoto wa tatu na wewe bado unasubiri.

FundiBodi:
Acha utani, jamaa kauliza la maana.

Mkuu, bei ya siku ya kwanza usiitilie maanani sana. Septemba 2022 AMD walileta Ryzen 5 7600X kwa dola 299. Januari 2023, miezi minne tu baadaye, wakaleta 7600 isiyo na X kwa dola 229, na tofauti ya kasi kati ya hizo mbili ni ndogo mno. Waliokimbilia mapema ndio waliolipia haraka yao. Intel nao Oktoba 2024 walitoa Core Ultra 7 265K kwa dola 394, mwaka uliofuata maduka ya Marekani yakawa yanaiuza karibu na dola 300.

Tena kizazi kipya si lazima kije na bei ya juu. Ryzen 5 9600X ya 2024 ilianza na dola 279, chini ya 7600X iliyoitangulia. Ndiyo maana mimi nadhani prosesa za watu wa kati zitabaki humo humo kati ya dola 250 na 400. Ushindani bado upo, hakuna atakayethubutu kupaa peke yake. Hiyo ya viini 52, hata ikija kweli, si ya bajeti yako.

Kinachokupasa kuogopa ni RAM. Tangu mwishoni mwa 2025 viwanda vya memori vimegeukia vituo vya data vya akili mnemba, na Desemba ile Micron wakatangaza kuachana na Crucial, chapa yao ya RAM na SSD za sisi wateja wa kawaida. RAM ya DDR5 imepaa, na ya kizazi cha nyuma, DDR4, nayo ikafuata. Unaweza kusubiri mwaka mzima ili uokoe elfu themanini kwenye prosesa, halafu RAM ikakunyang'anya laki tatu.

Halafu bei ikishuka Marekani leo, Kariakoo haishuki leo. Muuza duka ana mzigo alionunua kwa bei ya zamani, atakwambia "bosi, hiyo ndiyo ya mwisho".

Kamera_Nyegezi:
Nimekuelewa, fundi. Basi nikachukue bodi ya AM5 ya AMD? Nasikia hiyo soketi, pale prosesa inapokaa, inaishi muda mrefu.

FundiBodi:
Kwenye soketi AMD wana rekodi nzuri. Bodi nyingi za AM4, soketi iliyotangulia, zilizopokea Ryzen za kwanza mwaka 2017 zilikuja kupokea mpaka 5800X3D ya 2022, ukishasasisha BIOS, programu ya bodi yenyewe. AM5 wameahidi kuihudumia mpaka 2027 na kuendelea. Upande wa Intel, soketi ya LGA1700 ilibeba kizazi cha 12, 13 na 14 ikaishia hapo. LGA1851 ya Core Ultra nayo, kwa zilizovuja, Nova Lake haitakaa humo. Kwa hiyo ndiyo, AM5.

Bi_Mhariri:
Samahani kaka zangu, kabla hajaenda dukani. Kaka Kamera, hiyo kamera umeiweka irekodi nini? Si ukubwa wa picha, namaanisha kodeki, yaani namna video inavyobanwa.

Kamera_Nyegezi:
Dada, ngoja niangalie menyu... H.265, 4:2:2, biti 10. Kuna jamaa kwenye video ya mafunzo alisema ndiyo inayotunza rangi.

Bi_Mhariri:
Rangi inatunza, hajakudanganya. Ila hapo ndipo mashine inapofia. Video ya aina hiyo ni nzito kuifungua, na GTX 1060 yako haina sehemu ya kuifungua, hivyo mzigo wote unaangukia prosesa ya 2014. GPU ya ndani ya Ryzen 7000 na 9000, prosesa za AM5, nayo haifungui 4:2:2 ya H.265. Ungenunua AM5 ukaendelea na 1060 ile ile, prosesa yenye nguvu ingekuwa inatwanga kwa mikono kazi ambayo Intel wameiwekea mashine yake.

Hiyo mashine ni Quick Sync, imo kwenye GPU ya ndani ya prosesa za Intel, na tangu kizazi cha 11 inafungua kodeki yako vizuri, Premiere inaitumia. Kwa upande wa Nvidia, watengenezaji wa kadi kama yako, lazima ufike RTX 50, ambayo ni bajeti nyingine kabisa. Mimi nahariri kwa i7-12700: viini 12, nane vikubwa na vinne vidogo, GPU ya ndani UHD 770, bodi ya DDR4. Imetoka 2022, si ya kujivunia mbele za watu, lakini klipu tatu sambamba zinatembea.

Chuma_Chakavu:
Kizazi cha 13 na 14 si ndizo zilikuwa zinaharibika zenyewe?

FundiBodi:
Ndizo, tatizo la volti. Mwaka 2024 Intel wakatoa microcode mpya (sasisho la ndani ya prosesa) na kuongeza warranti miaka miwili. Cha 12 hakikuhusika. Dada umenifunga, mimi nilikimbilia soketi bila kuuliza kamera. Naondoa ushauri wa AM5.

Ila angalia herufi mkuu! Yenye F mwishoni, 12700F, haina GPU ya ndani, hivyo Quick Sync haimo. Madukani inauzwa bei nafuu kidogo na ndiyo wanayoisukuma.

Kamera_Nyegezi:
Duh. Nimefungua picha ya bei niliyotumiwa juzi. Imeandikwa i7-12700F 😅

Nova Lake nitaitazama YouTube kama filamu. Kuna mwenye kujua duka la hapa Mwanza lenye 12700 isiyo na F, au niagize Dar ije na basi?

Bi_Mhariri:
Agiza Dar, na waambie wakupigie picha ya chipu yenyewe, siyo boksi.